Mkonge na Mjane wa Sarepta



Twawasalimu nyote mlio majumbani, mashambani na safarini, kuanzia Mkinga karibu na mpaka, Tanga mjini, Muheza na Korogwe, hadi Pangani na vijiji vyake vya pwani. Twawasalimu pia wagonjwa mlio vitandani, na akina mama mnaotusikiliza huku mikono ikiwa kazini.

Somo la kwanza la Dominika hii, ya thelathini na mbili ya mwaka, latupeleka katika nchi iliyokaukiwa. Nabii Eliya alikuwa amejificha karibu na kijito cha Kerithi, na kijito kile nacho kikakauka kwa kuwa mvua ilikoma. Ndipo alipotumwa Sarepta, mji wa pwani ya Sidoni. Langoni akamkuta mjane akiokota kuni. Akamwomba kwanza maji ya kunywa. Ikumbukwe kwamba ulikuwa wakati wa ukame, na maji hayakuwa kitu cha kuombwa ovyo. Hata hivyo yule mama hakubisha. Aligeuka aende akayalete. Alipoombwa na mkate, hapo ndipo alipoieleza hali yake bila kuificha: unga ulikuwa umebaki konzi moja, mafuta yalikuwa kidogo chupani, na kuni zile zilikuwa za kupikia chakula cha mwisho, chake na cha mwanawe. Baada ya hapo wangesubiri kufa.

Mwajua yaliyofuata. Alimpikia mgeni kwanza, na unga haukuisha, wala mafuta hayakupungua, mpaka siku mvua ilipoirudia nchi. Sisi tuliolelewa katika parokia tumelisikia somo hili mara nyingi, na kwa sababu hiyo yawezekana lisitushtue tena. Lakini mwezi huu wa Novemba, ambapo kila asubuhi twatazama juu kuuliza kama vuli itakuja au itatupita, hatuna budi kulisikia upya. Swali letu la leo ni hili: mwenye kidogo, wakati wa ukame, aufungue mlango wake au aufunge?

Ili tulijibu, tunawaomba mtoke nasi nje kidogo, tukautazame mmea ambao kila mtu wa Tanga aujua hata kabla hajajua kusoma. Nao ni mkonge.

Kwetu Tanga si jangwa. Mvua ya masika hutujia kuanzia Machi hadi Mei, ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mito ya Usambara yateremka na kutunywesha. Lakini kila mkulima ajua kwamba mvua hizo hazina ahadi. Kati ya vuli na masika jua la kaskazi huunguza majani, na mvua moja ikikosa, nyanda za kuelekea Handeni na Mkomazi hugeuka rangi mapema. Katika nchi ya namna hiyo mmea wa mahali pakavu ulipata makao. Asili ya mkonge ni Meksiko, na jina lake la kigeni limetokana na bandari ya huko iitwayo Sisal. Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri kwa meli kupitia Hamburg, na ilipofika kwetu iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo sitini na miwili yakatoka mashamba yaliyoijaza Tanga na kuenea Morogoro na kwingineko.

Basi, mmea huu waishije pale ambapo mahindi hukauka?

Kwanza, hupokea vizuri kile kidogo unachopewa. Majani yake yamepangwa kuzunguka shina, nayo yana umbo la mfereji, hivyo matone ya mvua na hata umande huteremka hadi shinani badala ya kumwagika mbali. Mizizi yake haizami sana. Hutanda karibu na uso wa ardhi, tayari kunywa hata manyunyu ambayo hayalowanishi ardhi ya chini. Ardhi ikikauka, mizizi hiyo husinyaa na kujikinga, isije ikarudisha udongoni maji iliyokwisha kuyanywa. Mvua ikirudi, vijizizi vipya huchipuka upesi.

Pili, huhifadhi. Ukilikata jani la mkonge utaona lilivyo nene na lenye majimaji. Mashineni, katika kila kilo 100 za majani, singa zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji na nyama ya jani. Jani zima limevikwa nta, ndiyo maana maji ya mvua huteleza juu yake na jua haliyanyonyi yale ya ndani kwa urahisi.

Lakini hayo mawili, kupokea na kuhifadhi, hayatoshi. Hapa twaomba mtusikilize kwa makini, maana ndipo penye fundisho.

Kila mmea lazima ule, na chakula cha mmea hutengenezwa ndani ya jani kwa nguvu ya mwanga wa jua. Kwa kazi hiyo mmea wahitaji maji kutoka ardhini, tena wahitaji hewa ya ukaa kutoka nje. Hewa hiyo huingia kwa vitundu vidogo mno vilivyo katika ngozi ya jani, ambavyo mmea waweza kuvifungua na kuvifunga. Taabu ni kwamba mlango ni mmoja. Kitundu kile kile kinachoingiza chakula ndicho kinachopoteza maji. Jani haliwezi kupokea pasipo kutoa. Likifungua, maji yanatoka. Likifunga, riziki haiingii.

Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana, wakati wa jua, na gharama yake ni kubwa. Mpunga na maharage, kwa kila gramu moja ya hewa ya ukaa inayoingia, hupoteza kama gramu 400 hadi 500 za maji. Mahindi yana hekima zaidi, hupoteza gramu 250 hadi 300. Mkonge na mimea ya namna yake hupoteza gramu 50 hadi 100 tu. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Yatoka katika kuchagua saa. Mchana, jua linapowaka na upepo mkavu ukivuma, mkonge hufunga milango yake. Usiku, ardhi ikipoa na hewa ikiwa na unyevu, huifungua. Huingiza hewa yake gizani, na kwa kuwa hauna mwanga wa kupikia chakula saa hiyo, huibadili hewa ile kuwa asidi na kuiweka akiba ndani ya jani. Kukipambazuka hufunga tena, halafu mchana kutwa hupika kwa jua ile akiba ya usiku, milango ikiwa imefungwa. Hivyo mtu apitaye shambani adhuhuri akadhani kwamba mkonge umelala, amekosea. Unafanya kazi ndani, kwa mali iliyopokewa usiku.

Jambo hili liligunduliwa sehemu yake kwa ulimi. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, Benjamin Heyne, mwanasayansi wa mimea aliyeishi India na kufanya kazi ya umisionari, alionja jani la mmea mmoja nene bustanini. Asubuhi lilikuwa chachu; kadiri siku ilivyoendelea uchachu ukapungua; adhuhuri halikuwa na ladha. Barua yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1815. Ule uchachu wa asubuhi ulikuwa akiba ya usiku, ambayo bado haijatumika. Hata nanasi, tunda tulijualo sana, ni la ukoo huo wa mimea ifunguayo usiku, ingawa si ndugu wa mkonge.

Ndugu zetu wapendwa, sasa turudi Sarepta tukiwa na elimu hii ya shambani.

Wako watu ambao, ukame ukija, huendelea kufungua mchana. Mavuno yakiwa duni, harusi ni ile ile, sare ni zile zile, na deni la dukani laongezwa ili majirani wasije wakatambua kwamba mambo yamebadilika. Huo si ukarimu. Ni jani lililoachwa wazi adhuhuri, na mwisho wake twaujua: watoto hurudishwa shuleni kwa kukosa daftari, na shamba huwekwa rehani. Mjane wa Sarepta hakufanya hivyo. Hakujifanya tajiri mbele ya nabii. Aliutaja unga wake kwa kipimo, konzi moja, na mafuta yake kwa kipimo, kidogo chupani. Mwenye nyumba asiyejua kipimo cha unga wake hawezi kuwa mkarimu. Aweza tu kuwa mpotevu.

Lakini wako wengine, nao ni wengi zaidi, ambao ukame ukija hufunga moja kwa moja. Aliye na kisima anakifungia kufuli. Aliye na tangi apandisha bei ya dumu kila jua linapozidi, akimuuzia jirani aliyemzika naye mamaye. Ndugu akibisha hodi, mtoto atumwa mlangoni kusema kwamba baba hayupo, na mtoto huyo tumemfundisha mambo mawili kwa siku moja, uchoyo na uongo. Twajitetea kwa kusema kwamba nyakati ni ngumu, nasi lazima tuwe wagumu.

Mkonge una jibu kwa hoja hiyo. Ukame unapozidi kupita kiasi, mkonge nao waweza kufunga milango yake mchana na usiku. Haufi mara moja. Ndani ya jani hewa ile ile inayotokana na pumzi ya mmea wenyewe huzungushwa na kutumiwa tena na tena. Kwa njia hiyo huweza kuvumilia siku nyingi. Lakini katika siku hizo zote haukui. Hautoi jani jipya. Waishi kwa pumzi yake mwenyewe, wala hakuna kiumbe kiwezacho kuishi hivyo siku zote. Kwa hiyo kufunga kabisa ni jambo la dharura. Haliwezi kufanywa kuwa desturi.

Hivyo ndivyo ilivyo nyumba iliyofungwa. Haianguki leo wala kesho. Pengine yaonekana hata kustawi, maana haijapungukiwa kitu. Lakini haimpokei mtu, na kwa sababu mlango ni mmoja, haipokei neno, wala habari, wala msaada, wala baraka. Siku ya msiba wake majirani hufika kwa wajibu, hukaa kidogo, na kuondoka. Lile konzi la unga lililofungiwa lilikuwa na mwisho wake. Yule mjane mwenyewe alikwisha kuuhesabu: mlo mmoja, kisha kifo. Mlango uliofunguliwa ndio uliomwingizia asichokuwa nacho.

Basi hekima haimo katika kufungua tu, wala katika kufunga tu. Imo katika kujua saa. Na saa ya mkonge ni usiku. Twaweza kujifunza hapo mambo mawili. La kwanza ni kwamba mambo mema mengi hufanyika pasipo kuonekana. Kibaba cha unga kinachopelekwa giza likiingia, bila picha na bila tangazo, hakimpotezei mpokeaji heshima yake. Msaada unaotolewa adhuhuri mbele ya umati mara nyingi humkausha yule anayesaidiwa. La pili ni sala. Tusipojiwekea akiba katika ukimya wa usiku au wa alfajiri, mchana wa taabu ukija tutapika nini? Mzazi aliyepokea kitu kwa Mungu kabla ya mapambazuko huweza kuvumilia maneno makali ya mchana bila kumwagika.

Hata hivyo, wapendwa, hatuna budi kutahadhari. Mfano wa mmea unaovumilia ukame hupendwa sana na watu wasio na kiu. Ni rahisi kwa mwenye bomba uani kuwahubiria uvumilivu wale wanaokwenda mtoni na ndoo kichwani. Mkonge wenyewe una historia inayotukataza kufanya hivyo.

Mashamba yale ya Tanga yalilimwa na watu. Walitoka Songea, Kigoma, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakaitwa manamba, maana waliandikishwa na kuhesabiwa kwa namba. Kazi yao ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na malipo yalisubiri mpaka kipande kitimie. Wengi wao hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni miongoni mwenu mnaotusikiliza. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakabadilishwa mikono na mengine yakaachwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamebaki takriban sehemu moja kwa kumi. Mvua haikuwa na hatia katika ukame huo. Ulikuwa ukame wa ujira na wa soko, ukawapata watu waliokuwa wameifanya kazi yao kwa uaminifu.

Na kuna kanuni moja ya shambani ambayo kila mkataji wa mkonge aijua. Mkonge hukatwa majani ya chini, yale yaliyokomaa, na ya juu huachwa. Ukikata mno, ukauacha mmea na majani machache kupita kiasi, utapata mzigo mkubwa leo, lakini mmea utadhoofika na singa za mbele zitakuwa fupi. Mmea ujuao kuvumilia jua haujui kuvumilia panga lisilo na kiasi. Enyi mlio na watu chini yenu, mwenye shamba, mwenye duka, mwenye chombo cha uvuvi, mama mwenye msichana wa kazi nyumbani, sikilizeni kanuni hiyo. Mtu akivumilia, tusidhani kwamba tumepewa ruhusa ya kumkata zaidi. Mungu aliyemtuma Eliya kwa mjane hakumtuma akamnyang'anye konzi lake. Alimtuma na ahadi, na ahadi hiyo ikatimizwa kila siku mezani.

Tuutazame mti mwingine mmoja kabla hatujamaliza, nao ni mbuyu. Mbuyu hauna hila ile ya mkonge. Kiangazi kikija huangusha majani yake yote na kusimama mtupu, na mgeni aweza kudhani umekufa. Shina lake nene limejaa maji. Sisi sote tungefikiri kwamba maji yale ni ya kunywa kidogo kidogo wakati wa kiu. Lakini wataalamu walioichunguza mibuyu ya Madagaska waliona jambo jingine: maji ya shinani hutumika hasa kuchipusha majani mapya mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijanyesha. Hivyo mvua inapofika, mbuyu umekwisha kuvaa. Haukungoja kuona tone la kwanza ndipo uamini.

Tunayo hapa picha ya tumaini iliyo wazi kuliko maneno yetu. Akiba si ya kutuzuia tusife tu. Akiba ni ya kutuandaa kwa ajili ya mvua. Mzazi anayetenga kidogo katika mwaka mgumu ili mtoto amalize darasa. Kijana anayepalilia shamba wakati mawingu bado hayajaonekana. Jumuiya inayotengeneza mfereji wa kisima wakati wa jua: hao wanatoa majani kabla ya mvua. Mjane wa Sarepta naye alikanda unga wake kabla hajaona muujiza wowote. Muujiza ulimkuta mikono yake ikiwa na unga.

Wala tusisahau kwamba mjane yule hakuwa wa taifa la Eliya, wala wa dini yake. Alipozungumza na nabii, alimtaja Mungu kuwa ni Mungu wa Eliya. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye desturi za pwani, akampokea mgeni wa bara mwenye imani nyingine. Sisi wa pwani hii, ambao ukuta wa nyumba zetu waunganika na wa jirani Mwislamu, na kisima chetu ni kimoja, tusiende mbali kutafuta maana ya somo hili. Kiu haina dini. Dumu la maji halina ubatizo.

Nanyi makatekista wetu wapendwa, mnaotembea kwa miguu na baiskeli kwenda vigangoni, twawaomba mlichukue jambo hili katika mafundisho ya juma hili. Waonyesheni watoto mkonge wenyewe, haupo mbali. Waambieni kwamba unaishi miaka saba, kumi au zaidi kidogo, ukitoa majani yapatayo mia mbili. Kisha, mwishoni, hutoa mara moja tu shina refu la maua, kama mlingoti wa jahazi, juu ya vichwa vya watu wote. Akiba yote ya maisha huipandisha humo. Mbegu ni nadra. Badala yake, pale penye maua, huota miche midogo, mamia kwa mamia, iliyokwisha kuwa na majani yake, nayo hudondoka ardhini tayari kwa kuota. Na mama yao hufa akiwa amesimama. Waulizeni watoto: maji yale yote aliyoyatunza kwa miaka ile, yalikuwa ya nani? Waacheni wajibu wenyewe.

Na sisi watu wazima tujiwekee mambo matatu kwa juma hili. Kwanza, kila nyumba ipime unga wake na kusema ukweli, mume na mke pamoja, ili matumizi yaliyo ya fahari yakatwe kabla deni halijazaliwa. Pili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itambue nyumba moja ambayo moto wa jioni hauwaki, ya Mkristo au la, na ifikiwe kwa siri na kwa heshima. Tatu, yeyote mwenye kisima, tangi au bomba, aamue leo saa yake ya kufungua. Hatumwambii aufungue mlango mchana na usiku, maana maji yake nayo yana mwisho. Twamwambia awe na saa, naye asiiache saa hiyo, ili mama mwenye ndoo ajue kwamba akifika saa hiyo hatarudi mtupu.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeupa mkonge saa yake ya kufungua, na mbuyu ujasiri wa kuchipua kabla ya mvua, utujalie nasi tujue kipimo chetu na tusiogope kukigawa. Uwakumbuke walio na kiu leo, na waliokatwa kupita kiasi. Uilete vuli kwa wakati wake; na hata ikichelewa, usiruhusu mioyo yetu ikauke kabla ya mashamba yetu.

Tuwatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Amina.